Kiwanja Chake, Mabati Yangu

Nyumba tuliyokulia hapa Nakuru ilikuwa na alama chini ya kila bati: duara la lami lenye msalaba ndani. Hatukuwa na dari, kwa hiyo ukilala chali ulizihesabu mpaka usingizi ukuchukue. Mama alizipaka mwenyewe. Mafundi wa siku hizo walikuwa hodari wa kukubadilishia bati jipya kwa bati kuukuu mchana kweupe, na mama hakuwa mtu wa kuchezewa. Alinunua mabati yale moja moja, kwa uji aliowauzia watu wa reli asubuhi, na hakuna bati lililoegemezwa ukutani kabla ya kupigwa alama.

Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa magharibi kama majirani wengi wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Chumba cha landhi kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, unafunga mizigo. Jambo hilo mama hakulipenda hata siku moja. Yeye ndiye aliyemsukuma baba akaombe kiwanja katika lokesheni, mahali Waafrika waliporuhusiwa kujenga. Masharti nayasema mapema, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Ardhi ilikuwa ya mji, nawe ulipewa kuikalia kwa miaka fulani na kuilipia. Nyumba utakayoisimamisha juu yake ilikuwa yako. Kiwanja kikaandikwa jina la baba, kwa sababu ofisi iliandika wanaume. Mama hakubishana. Alijenga.

Kisha kifua kikamchukua baba. Tulimzika hapa hapa mjini, na jamaa zake wakaja kwa treni kwa ajili ya siku ya kunyoa. Kwa watu wa baba, hiyo ndiyo siku ambayo ukoo hukaa baada ya maziko, nywele za wafiwa zikanyolewa, na vitu vya marehemu vikapewa wenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nilishaahidiwa nafasi ya kujifunza uuguzi. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mama, vichwa vyetu viking'aa.

Baba mdogo, ndugu aliyemfuata baba, alisimama. Alikuwa mrefu, mwenye koti zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na sauti nzuri ya kuimbia kanisani. Mjini alikuwa amekuja kutembea tu, mara chache.

"Plot ya ndugu yangu nachukua mimi," alisema. "Shemeji na watoto watarudi nyumbani, nitawaangalia."

Kuangaliwa kulikuwa na maana moja, na kila mtu uani alikuwa anaijua. Mama angekuwa mke wake wa tatu. Mimi ningeozwa kabla mahindi hayajakomaa, na uuguzi ungebaki hadithi. Nikikumbuka namna wazee walivyotikisa vichwa kukubali, huku wamekalia viti vyetu na kunywa chai yetu, nakasirika mpaka leo.

Nilitegemea mama alie au apige kelele. Badala yake aliuliza kwa upole, "Shemeji, wewe unataka plot?"

"Ndiyo, nataka plot."

"Sema vizuri, hawa wazee wasikie. Ni nini unataka?"

"Plot," akasema baba mdogo, kwa sauti kama anayezungumza na mtoto. "Plot ya ndugu yangu."

"Sawa," mama akasema. "Mimi sina maneno."

Nilimwonea aibu. Kumbe alikuwa amemfunga mtu mbele ya mashahidi.

Kesho yake tukaenda ofisini, baba mdogo mbele, sisi nyuma. Afisa alikuwa Mzungu mwenye Kiswahili chake cha shambani. Akamwambia mama kwamba jina haliwezi kuandikwa la mwanamke wakati ndugu ya marehemu yupo. "Hapana yako, mama. Plot iko ya huyu sasa."

"Na udongo ni ya nani, bwana?"

"Udongo iko ya mji. Siku zote."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko ya mtu alijenga." Akamtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga, akaendelea kuandika.

Baba mdogo alisikia yote yale kwa masikio yake mawili. Lakini kwao, ukipewa shamba umepewa na nyumba iliyomo, na migomba, na njia ya kwenda mtoni. Hakuwahi kuona mahali ambapo udongo una mwenyewe na ukuta una mwenyewe mwingine. Akaweka kidole chake cha wino, akamnyooshea mama mkono.

"Ufunguo, shemeji."

Mama akaufungua kutoka kwenye pindo la leso, akampa. Baba mdogo akapanda treni kwenda kumleta mke wake mdogo na vyombo, akimwachia mama mwezi wa kufunga mizigo.

Jioni hiyo hiyo mama alivuka barabara mpaka kwa nyanya mmoja jirani, mjane mzee aliyekuwa na kiwanja chake tangu zamani, kabla ofisi haijaanza kuchagua nani aandikwe. Uwanja wa kando ya nyumba yake ulikuwa mtupu. Wakakubaliana kodi ya ardhi na miaka ya kukaa. Mama akakataa kukubaliana kwa mdomo tu. Alitaka karatasi, mashahidi wawili, na jina lake yeye, si la mwanawe wala la shemeji yeyote. Nyanya akacheka. "Wewe umeumwa na nyoka, sasa unaogopa hata kamba."

"Siogopi kamba," mama akasema. "Nataka kuishika mimi."

Jumamosi wakaja akina mama wa kanisani, wale wale waliokuwa wamelala kwetu wakati wa msiba. Tulianza asubuhi, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari na ilibidi jioni kila mtu awe ndani. Mmoja wao, mtu wa kwao baba, alisita kwenye ngazi. Alisema kwao hakuna anayebomoa nyumba aliyofia mwanamume. Ni kuita mkosi.

"Marehemu nilimpenda," mama akamjibu toka juu ya paa. "Lakini alilala chini ya mabati yangu. Kama kuna mkosi, na uje uniulize mimi."

Yule mama akapanda. Sote tukapanda. Misumari ilivyokuwa ikilia ikitoka! Tuliinyoosha kwa jiwe na kuirudisha mkebeni. Tulishusha mabati, kenchi, madirisha, mlango pamoja na fremu yake na kitasa chake. Tulichimbua hata nguzo, na mimi mikono ilitoka malengelenge ambayo niliyaonea fahari kuliko cheti cha shule.

Askari alisimamisha mkokoteni wetu barabarani, akauliza mabati ni ya nani. Mama akageuza bati moja tumbo juu, kisha la pili, la tatu, akimwonyesha lile duara na ule msalaba.

"Ni yangu," akasema. "Geuza yote, ukitaka. Tutakungoja."

Askari akatuambia tupite.

Udongo wa kuta tuliuacha palepale. Udongo ulikuwa wa mji. Mama aliufagia vizuri ukawa chungu moja katikati ya kiwanja, akaupigapiga kwa nyuma ya jembe, akaondoka bila kugeuka.

Baba mdogo alirudi na mke, kitanda, na kuku wawili kwenye kikapu. Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara, nyumba yetu imeshasimamishwa upya kwa nyanya, tumeketi mbele ya mlango wetu. Alizunguka kiwanja kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Kisha akatuona, akauona mlango.

"Shemeji, nyumba iko wapi?"

"Wewe ulitaka plot," mama akasema. "Nani ameigusa? Hiyo hapo."

Alikwenda kushtaki ofisini. Wakamwambia kiwanja ni chake kweli, tena ajenge haraka, maana kisipojengwa kitarudi kwa mji. Hakuwa na bati hata moja. Mke wake alikuwa ameketi juu ya kitanda hadharani, watu wakipita, na huyo ndiye niliyemhurumia, nikampelekea maji. Mama alipomwomba shemeji yake amrudishie ufunguo, alikataa. Alisema ni wake, alipewa.

"Basi kaa nao," mama akamwambia.

Wiki haikuisha wakapanda treni. Mimi nikaenda kujifunza uuguzi.

Kitasa mama hakukibadilisha. Majirani walimwambia abadilishe, mimi pia nilimwambia. Alisema kubadilisha ni kuogopa, na yeye amelala chini ya mabati yake. Kwa miaka ile yote mtu mmoja magharibi alikuwa na ufunguo wa mlango wetu, na mama alilijua hilo kila alipojifunika blanketi.

Alikuja tena mara moja tu, wakati mimi nikiwa likizo. Nilimwona dirishani, koti lile lile. Alisimama mbele ya mlango, akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo akautazama. Akaurudisha mfukoni.

"Hodi," akasema.

Mama alisikia. Alimimina chai yake, akaikoroga, akanywa kidogo. Nikataka kuinuka, akanishika mkono nikae.

"Hodi, shemeji."

Ndipo mama akamwambia karibu.