Bega la Baba

Fundi mmoja wa mageti, ambaye watu walimwita Cheche, alikuwa na ugonjwa asiotaka mtu aujue. Si ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Kila alipouvuta upinde na kuelekeza mshale kwenye duara la njano, kabla mkono haujatulia chini ya taya, vidole vilifyatuka vyenyewe na bega likaruka. Kwenye klabu yao ya upinde na mshale, nyuma ya ghala kuukuu, wanauita woga wa shabaha. Ukikupata, wee acha tu.

Mtu mwenye akili zake angemwambia kocha. Cheche haambiliki! Akajitungia ujanja wake: anaanza kulenga chini ya njano, anapandisha upinde taratibu, ili bega likiruka mshale uangukie palepale. Siku nyingine ulipatia kweli, watu wakapiga makofi, naye akajitia hamnazo.

Shida ni kwamba alikuwa na mwanafunzi, naye ni bintiye wa pekee. Tangu mama mtu azikwe, ile nyumba ilikuwa kimya. Binti anarudi kutoka chuoni, baba anarudi kutoka karakana na macho mekundu ya kuchomelea, wanasalimiana, basi. Uwanjani walikuwa watu wengine kabisa.

"Simama kama mimi," Cheche anamwambia. "Kiwiko juu. Na huo upinde mbona unaushika kama umekamata mwizi?"

Binti anacheka mpaka anaushusha upinde. Kusema kweli, kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinamwamsha Cheche asubuhi.

Ikafika siku ya kuchagua timu. Binti akavuta, bega likaruka, mshale ukapotelea kwenye majani. Wa pili hivyohivyo. Kocha, mama asiyependa maneno mengi, akamsogeza karibu kabisa na marobota ya nyasi kavu yanayopokea mishale, akaibandua karatasi ya shabaha.

"Fumba macho. Usilenge chochote. Vuta, tulia, pumua, ndipo uachie."

Akafumba macho, na bado bega likaruka.

"Huyu haogopi," Kocha akasema. "Mwenye woga ukimwondolea shabaha anatulia. Huyu amefundishwa."

Binti akashangaa. "Kwani si ndivyo inavyotakiwa? Baba anasukuma kwa bega. Nami nimejifunza hivyo."

Jamani, Cheche, aliyekuwa pembeni akitazama, alitamani ardhi ipasuke. Kocha akamgeukia. "Mzee, hebu njoo uvute."

Akavuta mbele ya yale marobota matupu, macho kayafumba. Bega halikutikisika hata kidogo. Woga ulikuwa wake peke yake, ila kilema alikuwa amempa mtoto. Binti alimtazama, na hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

"Ataanza upya," Kocha akasema. "Nyasi tupu, miezi mingi. Na asikuone tena ukishika upinde. Macho yake yanakuiga bila hata yeye kutaka."

"Nikae pembeni tu, nisivute?"

"Hata pembeni, hapana. Utamwelekeza tu, nakujua. Na nyumbani msizungumzie mishale mpaka mwili usahau."

Angeweza kubisha, kubisha anakujua. Akamwona binti anasubiri jibu, kaushikilia upinde kwa mikono miwili.

"Sawa," akasema, akaondoka kabla sauti haijamsaliti.

Wiki zikapita. Jioni moja binti aliingia na alama nyekundu kidevuni, pale panapobanwa na uzi wa upinde, mkono ukitulia kweli. Cheche akaiona. Furaha ikampanda, akajikuta ameshafungua mdomo. Binti naye akasimama mlangoni, kama mtu aliyetaka sana kuulizwa.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Salama tu, baba."

Akamsogezea sahani, wakala.