Magimbi ya Chausiku

Tangu kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia, Bi Saada alifundisha kupika kwa mdomo. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, nyumbani kwake Kilakala, akatoa maagizo kwa sauti ileile aliyoitumia darasani enzi za ualimu wake. Mjukuu wake Chausiku, ambaye mama yake, binti wa Bi Saada, alikuwa muuguzi kule Kisaki, aliyafuata bila ubishi.

Jioni hiyo ya Ramadhani maagizo yalizidi. Dada mkubwa wa Bi Saada, Bi Mwanaheri, alikuwa anashuka kutoka Matombo kuja kufuturu, na si futari iliyomleta. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika ukoo wao mwenye neno la mwisho alikuwa yeye. Alikwisha kutuma salamu kwamba binti anakua, naye bibi mwenye mkono mmoja hawezi kumfunda, basi apande mlimani kwake. Bi Saada alirudisha jibu: "Njoo ule alichopika, ndipo useme." Hakutaka isemekane kwamba nyumba ya marehemu mumewe imeshindwa kulea.

"Bibi, haya ni magimbi au upupu?" Chausiku alijikuna viganja. "Mikono inaniwaka!"

"Gimbi bichi halina adabu. Jipake mafuta, uendelee."

Maji yalichemka, tui jepesi likaingia. Nyumba nzima ilikuwa imefunga, hapakuwa na ulimi wa kuonja.

"Sasa choma moja kwa kisu," alisema Bi Saada.

"Limeiva, bibi. Kisu kimeingia chenyewe."

"Tia tui zito. Ukishaona limechemka, epua."

Adhana ilipolia, wageni walikuwa wameshakaa mkekani: Bi Mwanaheri na mwanawe Rashidi. Wakala tende, wakanywa uji, kisha sinia la magimbi likawekwa katikati. Bi Mwanaheri akamega, akatafuna. Akavuta kikombe cha uji.

"Mama mdogo," Rashidi alikohoa, "magimbi yako bado yana hasira."

"Kula, Rashidi," mama yake alimkemea, huku akijikuna koo chini ya mtandio.

Bi Saada alichukua kipande kwa mkono wa kushoto. Muwasho ukampanda kooni. Kilikuwa kipande cha gimbi kubwa, nje laini, moyoni kigumu kama mbao. Mtoto alichoma dogo. Na kwa nini asichome dogo? Aliambiwa achome moja. Miaka yote mkono wa Bi Saada ulikwenda wenyewe kwenye gimbi kubwa kuliko yote sufuriani. Mdomo haukupata kulisema, maana haukuhitajika.

Aliutazama mkono ule pajani. Haukusogea.

"Nani kapika?" Bi Mwanaheri aliuliza polepole.

Chausiku aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Habari za binti asiyejua kupika zingefika Matombo kabla ya mgeni mwenyewe, na zingemngoja hadi siku ya posa.

"Nimepika mimi," Bi Saada alisema. "Mtoto nilimpumzisha leo."

"Bibi..."

"Nyamaza, wakubwa wanazungumza."

Bi Mwanaheri alimtazama mdogo wake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Basi, mdogo wangu, ikiwa wewe mwenyewe ndiwe huyu, mtoto atajifunza kwa nani?"

Bi Saada alipapasa ukingo wa mkeka kwa vidole vya kushoto, akasema, "Uzee haupigi hodi, dada."

"Idi ikipita nitamfuata. Shule ipo hata kule."

Siku ile ilipofika, Rashidi alikuja kwa niaba ya mama yake, akaupakia mfuko wa Chausiku kwenye pikipiki. Chausiku alibusu mkono wa bibi yake, ule uliolala.

"Shikamoo, bibi. Nakwenda."

"Marahaba, mwanangu." Pikipiki ilishaanza kunguruma. "Chausiku! Uchome lile kubwa! Kubwa kuliko yote!"

Mtoto aligeuka, akaweka kiganja sikioni kuonyesha kwamba hakusikia, na pikipiki ikaingia barabarani.