Soda ya Priscila

Shangazi yetu Niragira wa Mugoma, mama yake Ndizeye, Mungu ampumzishe, alikuwa na rafiki mmoja tu: Priscila, jirani yake wa ng'ambo ya migomba. Huku kwetu anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Wao wawili waliiacha desturi hiyo miaka mingi; haikuwa na kazi kati yao.

Kisha hospitalini wakamkuta Niragira na presha ya macho, wakampa vidonge vya asetazolamidi. Vidole vikaanza kumchonyota kama vimeingiwa na siafu. Wakamwambia ni dawa, avumilie. Habari za ulimi hakuna aliyemtajia.

Jumapili moja baada ya misa, Priscila alimtolea soda. Funda la kwanza lilikuwa baya, kama kulamba jembe. Akaiweka chini, akakumbuka kwamba Priscila hakuionja.

"Mama Ndizeye, soda imekushinda? Au unangoja ya harusi yako?" Priscila akacheka.

"Nimeshiba," akasema Niragira, akaenda zake.

Priscila alikuja mara tatu, akabisha hodi, akaita. Mlango haukufunguliwa. Wakati wa kuvuna maharage, homa ikamchukua Priscila kwa siku nne tu. Siku ya maziko Niragira alijifungia ndani na rozari yake, akisikia nyimbo kutoka ng'ambo ya migomba, na sala haikumtoka.

Mwezi uliofuata alirudi kliniki ya macho.

"Shikamoo, bibi. Vidole bado?" nesi akauliza.

"Marahaba. Bado."

"Na soda? Wengi wanalalamika inakuwa mbaya."

Niragira akashika ukingo wa meza. "Soda yoyote?"

"Yoyote, bibi. Dawa inazuia kimeng'enya kinachosaidia jicho kutengeneza maji, ndiyo presha inashuka. Kimeng'enya hicho kipo hata ulimini, ndicho kinachokufanya uhisi soda inachoma. Kikizuiwa, ladha ya soda inaharibika."

Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Yohanes, mume wa Priscila, akamweleza yote bila kujitetea.

Yohanes akamvutia kigoda. "Aliniuliza hadi mwisho: 'Nilimkosea nini?'"

Kisha akaingia ndani, akatoka na soda, akaifungua mbele yake, akaiinua mdomoni kama desturi inavyotaka.

"Usionje, shemeji," akasema Niragira.

Akaipokea. Ilikuwa mbaya vilevile. Akainywa yote.