Barua Iliyoungua Mlandege

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Mama Veneranda wa Mlandege, Iringa, aliujua miezi kumi na minne, tangu mwanawe Kasian, utingo wa malori, alipokamatwa na unga wa kulevya kule Iyunga, Mbeya.

Gerezani Mbeya Kasian aliuacha unga. Kila asubuhi alikunywa kikombe kidogo cha methadoni, dawa ya kuzima kiu ya unga, mbele ya nesi, akawa mtu tena. Ijumaa aliyoachiwa, nesi alimtia barua mfukoni. "Kesho uwe kliniki ya Iringa. Bila barua hii hawajui dozi yako. Usiruke hata siku moja."

Lakini kwa Veneranda nguo iliyotoka jela haivuki kizingiti. Bibi yake alifanya hivyo, naye hakuona sababu ya kubadili. Alimpokea kijana uani, akampa maji ya moto na shati jipya, na Kasian alipokuwa bafuni, zile nguo zikaingia motoni pamoja na mikosi yake yote. Alizichoma huku akiimba, mama wa watu!

"Mama, barua ilikuwa kwenye shati."

"Barua gani, baba?"

Jumamosi kliniki waliwapokea vizuri, wakawanyima vizuri vilevile. "Dozi haikisiwi, mama," alisema muuguzi. "Tukizidisha tutamuua. Wenye faili lake Mbeya wanafungua Jumatatu." Veneranda akauliza kama angemkatia bima ingesaidia. Akaambiwa dawa ni bure, kinachotakiwa ni karatasi. Karatasi!

Kufikia Jumapili mchana arosto, ile homa ya kukosa dawa, ilikuwa imemkunja Kasian: kamasi, kuhara, mifupa inauma kama imevunjwa.

"Mama, leo nitashindwa."

"Vumilia, baba. Wanajumuiya wanakuja kukuombea."

Walikuja kweli, na masufuria ya wali wa shukrani. Waliposimama kwa wimbo wa kwanza, kiti chake kilikuwa kitupu. Walimkuta jioni, mtaa wa pili, kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa, sindano ingali mkononi, mwili umeshapoa. Wali ule ule ukaliwa msibani.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu ya Veneranda iliita. Alikuwa ameketi mkekani, wanawake wamemzunguka.

"Mama Kasian? Mbeya wameshatuma karatasi. Mwambie aje anywe dozi yake."

"Haya, mwanangu," akajibu. "Nitamwambia."