Nilinunua Simu ya Linux ili Abdinajib Asijue Bei Yangu

Abdinajib alikuwa anajua bei yangu ya mbuzi kabla mimi mwenyewe sijafika sokoni.

Si kukisia. Kujua. Mpaka ile mia ya mwisho.

Mimi naitwa Waqo, dalali wa mifugo hapa Isiolo. Shule niliachia darasa la sita na sijutii. Ukiuliza sokoni utaambiwa nina mdomo mkali lakini mkono msafi.

Kazi yangu ni rahisi kueleza. Gathoni ana bucha mbili Nairobi. Kila siku ya soko la Oldonyiro anataka mbuzi arobaini. Ananipa bei yake, mimi nanunua chini ya hapo, na kinachobaki katikati ndicho kinacholisha nyumba yangu.

Sasa mwingine akijua bei nitakayotoa, nimekwisha. Anaongeza mia moja tu, anaondoka na mbuzi.

Ndivyo ilivyokuwa. Nikifika asubuhi na pikapu, nakuta mbuzi wazuri wote wameshapakwa rangi ya bluu mgongoni. Rangi ya Abdinajib, dalali mwenzangu.

"Waryaa Waqo! Leo ulikuwa unalipa elfu saba mia tano, sivyo? Mimi nimelipa saba na mia sita. Pole sana."

Halafu anacheka, meno yote nje.

Soko la kwanza nikasema ni bahati. La pili nikasema ni uchawi. La tatu Gathoni akapiga simu.

"Mzee Waqo, wateja wangu hawali maelezo. Umeniletea mbuzi kumi na tisa, na nusu yao ni ngozi na kwato tu. Soko lijalo ukikosa tena, unipatie namba ya huyo Abdinajib."

Nilirudi nyumbani, nikavuta kiti chini ya mti.

Nikakaa nikafikiria. Bei inajulikana na nani? Mimi. Gathoni, ambaye hana sababu ya kujiumiza. Na Lowoi.

Lowoi ni mtu wangu kule Oldonyiro, Mturkana, tumejuana tangu tukiwa vijana. Yeye ndiye huzunguka kuwaambia wenye mbuzi kwamba nakuja. Namtumia ujumbe wa sauti kwa Watsapu, kwa sababu yeye hasomi na mimi kuandika kunanichosha. Huyu mtu ukisahau shilingi kumi kwake, atatembea nayo mpaka Isiolo akurudishie. Hawezi kuniuza.

Nikabaki na mshukiwa mmoja.

Simu.

Usicheke kwanza. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwambia mke wangu Madina kwamba godoro letu limekufa, tununue lingine. Kesho yake nafungua simu, nakutana na magodoro. Magodoro ya kila rangi! Nani aliyeiambia?

"Madina, hii simu inatusikiliza."

"Baba Anisa, nani akusikilize wewe? Mimi mke wako nilishaacha."

"Na hayo magodoro?"

Hapo aliinuka akaenda jikoni. Halafu akaifunika ile simu na sufuria.

Nikaenda kwa Mutea, yule Mmeru anayetengeneza simu karibu na msikiti. Nikamweleza yote, pamoja na magodoro. Hakucheka. Aliinama chini ya meza akatoa boksi.

"Mzee, kuna hii. Mzungu mmoja wa mambo ya wanyama aliiagiza, akarudi kwao kabla haijafika. Inatumia Linux."

"Linux ni nini?"

"Ndiyo roho ya simu. Simu zingine roho yake ina mwenyewe, huwezi jua inafanya nini usipoangalia. Hii programu zake ziko wazi. Mtu yeyote anayejua anaweza kuzisoma, mstari kwa mstari."

"Sasa kama ziko wazi, siri iko wapi?"

Mutea akakuna kichwa. "Mzee, wewe ni mtu wa nyama. Mbuzi akichinjwa mbele yako, si unajua unakula nini? Hii ndiyo hivyo. Hizo zingine unaletewa soseji."

Hapo nikamwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote.

Akanionyesha ubavuni. Kulikuwa na swichi tatu ndogo. Moja inakata mtandao. Moja inakata laini. Moja inakata kamera na maiki. Si kuomba simu inyamaze, ni kukata, kama vile unazima taa ya nyumba.

"Bei?"

"Arobaini na tano."

"Mutea, hii ni simu ama ni ndama?"

"Mzee, lakini nikwambie ukweli. Hii si simu ya watu wa mbuzi. Watsapu haimo. Menyu ya kutuma pesa haifunguki. Betri haifiki jioni. Fikiria kwanza."

Nimeishi miaka mingi sokoni na sijawahi kuona muuzaji anamtukana mbuzi wake mwenyewe. Nikajua huyu ni mkweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikamshusha mpaka arobaini na mbili. Nikauza mtamba wangu mwekundu nikamlipa.

Madina alipoiona aliipima kwa mkono.

"Nzito."

"Ndiyo."

"Na umeuza yule mtamba mwekundu?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo sasa tutakamua simu."

Niliichukua nikaenda kuichaji.

Wacha niwaambie ukweli kuhusu hiyo simu. Asubuhi inapata moto kama chapati. Saa saba mchana imezima. Ukipiga, mtu wa upande wa pili anakusikia kama uko ndani ya pipa. Kutuma pesa nilirudia ile simu yangu ndogo ya tochi, mulika mwizi, ikawa sasa natembea na simu mbili kama afisa. Ile iliyokuwa na Watsapu nikaifungia ndani ya sanduku.

Lakini ukibonyeza ile swichi, mambo yananyamaza. Nilikuwa naibonyeza hata nikiwa nanyoa ndevu.

Siku moja kabla ya soko nilimpigia Lowoi.

"Nakuja kesho!"

"Nani?"

"Waqo!"

"Uko kwa kisima?"

"Nakuja kesho!" Nikakata. Bei sikutaja. Ningeitajaje na pipa lile?

Asubuhi nikafika Oldonyiro. Wallahi, nilishika kichwa. Mbuzi wamesimama, migongo safi, hakuna bluu. Abdinajib anazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa ametoa elfu saba kwa kila mtu, na kila mtu alikuwa amekataa. Mimi nikasema saba na mia nne. Kabla jua halijakuwa kali nilikuwa na mbuzi arobaini na mmoja, wanene, wenye mikia inayocheza.

Gathoni alinitumia ujumbe wa kunishukuru. Gathoni! Yule mama hajawahi kushukuru hata mvua.

Basi mimi nikawa mhubiri wa Linux.

Kwenye hoteli ya chai pale Isiolo niliweka simu katikati ya meza kama nyara. "Jamani, mnasikilizwa. Bei zenu zote ziko hewani. Angalieni hii swichi. Tak! Kimya." Watu wakaipitisha mkono kwa mkono. Madalali wawili wakatoka hapo hapo kwenda kwa Mutea kuuliza kama anaweza kuwaagizia.

Abdinajib alikuwa amekaa kona, anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Leo huna pole ya kunipa?" nikamrushia.

"Hongera, bwana. Simu nzuri."

Nikachukua hiyo hongera nikaenda nayo nyumbani, nikampa Madina pamoja na unga.

Soko lililofuata nilinunua vizuri tena. Tulipomaliza kupakia, Lowoi akanivuta kando, nyuma ya pikapu. Uso wake haukuwa mzuri.

"Waqo, mimi na wewe tumekosana?"

"Tukosane kwa nini?"

"Tangu ununue hilo jiwe lako hunipi habari. Wazee wanakaa kwa hoteli ya Mama Ekiru, wananiuliza, 'Lowoi, habari ya Isiolo?' Mimi sina. Nakaa tu kama mwizi. Nimeaibika."

"Habari gani?"

"Zile ulikuwa unatuma! Mvua imenyesha Rapsu, mahindi ni bei gani, nani ameoa. Nilikuwa naweka simu juu ya meza, sauti yote, tunasikiliza pamoja. Wazee wanakupenda sana. Wanasema huyu Mborana anaongea kama redio."

Nikaachia kamba niliyokuwa nayo mkononi.

"Lowoi. Na ile bei?"

"Bei gani?"

"Ile ya mbuzi. Nilikuwa natuma kwa ujumbe huo huo."

"Eh. Si ni habari pia? Hiyo ndiyo walikuwa wanangoja zaidi."

"Na Abdinajib?"

"Huwa analala hapa siku moja kabla ya soko. Anakunywa chai na sisi. Mtu mzuri. Mara moja alisema turudie, hakuwa amesikia vizuri."

Turudie!

"Lowoi! Ile ilikuwa siri!"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyekula sabuni.

"Siri? Waqo, wewe ni mtu wa mifugo ama umekuwa mtu wa ofisi? Mtu akitoka mbali, ama sauti yake ikitoka mbali, hiyo ni habari. Mtu akificha habari huku anaitwa nani? Tunajuaje kama anatuletea vita ama ugonjwa wa ng'ombe? Habari ni ya watu wote. Siri ni kitu kingine."

"Kitu gani?"

Alichukua mkono wangu akauingiza chini ya shuka yake, mahali mtu mwingine haoni. Akashika vidole vyangu. Vidole vitano kwa pamoja, akaachilia, akashika viwili. Saba. Halafu akakwaruza kiganja changu mara nne. Saba na mia nne.

Wazee wetu wameuza ngamia hivyo tangu zamani, mikono chini ya kitambaa, bei inapita kwenye vidole na wanaosimama karibu hawasikii hata neno.

"Siri haina sauti," Lowoi akasema. "Wewe ulinitumia sauti."

Nilikaa chini kwenye mavumbi, nikacheka mpaka dereva akateremka kuangalia kama nimepatwa na ugonjwa.

Nilipomkuta Abdinajib tena Isiolo nilimkabili mbele ya watu.

"Ulikuwa unajua kwamba si simu!"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nihubiri?"

"Waqo, bana. Wewe ungekuwa mimi, ungesema?"

Nikafikiria.

"La."

"Basi nilipie chai, umenipotezea biashara."

Nilimlipia. Halafu nikawatafuta wale madalali wawili nikawaambia ukweli wote kabla hawajatoa pesa kwa Mutea. Walinicheka vizuri. Nilistahili.

Sasa mnaniuliza, kama kila mtu anavyoniuliza hapa Isiolo: ninunue simu ya Linux ama nisinunue?

Mimi sisemi simu ni mbaya. Inafanya kile ilichosema itafanya. Swichi inakata, na programu mtu anaweza kuzisoma. Kama una jambo la kulinda kweli, na unaweza kuishi bila Watsapu na bila kutuma pesa, nunua. Hayo magodoro mpaka leo sijajua nani aliiambia simu, na nikitaka kuongea ya nyumbani, naongea hiyo ya Linux ikiwa mezani na ile nyingine sandukuni.

Lakini kabla hujanunua simu isiyo na masikio, zunguka kwanza uhesabu midomo. Mimi nilitafuta jasusi ndani ya kioo, kumbe nilikuwa natangaza mwenyewe, na rafiki yangu mwaminifu kabisa ananishikia spika.

Habari nimerudia kumtumia Lowoi, kwa ile simu ya Watsapu: mvua, mahindi, harusi. Bei hapana. Bei naibeba mwenyewe mpaka Oldonyiro, nampa mkononi. Na wazee, kwa sababu walikaa masoko mawili bila habari, wameniambia faini yangu ni chai.

Basi hesabu ndiyo hii. Masoko matatu niliyopigwa, faida iliyopotea, kama elfu arobaini. Simu, elfu arobaini na mbili, yaani mtamba mmoja mwekundu ambaye Madina anasema angekuwa na mimba sasa. Chai ya Abdinajib, shilingi thelathini, kwa sababu aliongeza mandazi. Na chai ya wazee tisa wa Oldonyiro, shilingi ishirini kikombe, mia moja na themanini kila soko, bila mwisho.