Nilivyofunga dashibodi ya boti ya mzee wa Boko, tukaingia baharini kinyumenyume

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kwenye kiyoyozi na sie tulio kwenye vumbi.

Natanguliza kabisa: humu ndani mjinga ni mie. Msihangaike kumtafuta mwingine. Nilitaka niisimulie kama imemkuta rafiki yangu, nikaona wambea nyie mtagundua tu. Na sitaongeza chumvi, maana mmoja aliyekuwepo yumo humu jukwaani na ana mdomo kuliko mie.

Mie ni fundi umeme wa magari, Tandika. Elimu yangu la saba, iliyobaki nimeisomea chini ya uvungu wa magari. Bosi wangu gereji ni Braza Side.

Sasa Side akapata msiba kwao Mtwara, akaniachia simu ya kazi. "Ikiita pokea, waambie nikirudi nakuja." Hayo tu. Mtoto mdogo angeweza.

Simu ikaita. Mzee Ngonyani, mstaafu, anakaa Boko. Anataka waya zote zifungwe upya na dashibodi iwe ya kisasa.

"Gari gani mzee wangu?"

"Sio gari. Boti."

Wakuu, hapo ndo nilitakiwa niseme Side akirudi anakuja. Mdomo wangu ukasema, "Ah, boti ndo zetu hizo."

Boti niliyokuwa naijua mie ni pantoni la Kigamboni, na nalo napandaga nimeshikilia chuma kwa mikono miwili.

Nikafika Boko. Boti ipo uani, pembeni ya banda la kuku, imekaa juu ya trela lake. Ya faiba, zamani ilikuwa nyeupe, siku hizi ina rangi ya meno ya mvuta sigara. Nyuma inaning'inia mashine. Nikatoa shikamoo, mzee akaanza kunitembeza kama ananionyesha nyumba anayopangisha.

Mkewe akatokea jikoni. Mama wa Kichaga, mwalimu mstaafu, mtaa mzima unamwita Mwalimu. Ukimwona tu unajikuta umechomekea shati.

"Kijana, nikuambie mapema maana huyu atakuficha. Hiki kitu miaka yote hakiwaki. Kuku wangu wanataga humo. Jumamosi kuna mtu anakuja kukinunua. Kikiwaka na kikaingia majini, kitabaki. Kikigoma, kinaondoka siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Ndio Mwalimu." Nilikaribia kunyoosha kidole.

Mzee akanisogelea, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mashine nimeshaitengeneza, ni nzima. Waya tu. Usiniangushe."

Dah. Alivyoniangalia, kama mgonjwa anamwangalia daktari. Yule mzee alikuwa anaipenda ile boti jamani. Alikuwa anaipangusa huku anaongea.

Nikafungua dashibodi. Mita zote zina ukungu ndani. Waya zimeota ukijani wa chumvi, ukizikunja zinakatika kama tambi mbichi. Na yai moja. Sitanii, nyuma ya geji ya mafuta kulikuwa na yai.

Nikang'oa kila kitu. Nikakata kibao kipya cha plastiki nyeusi, nikatoboa matundu, nikapanga geji mpya, swichi zenye taa nyekundu, sehemu ya kuchajia simu, redio ya bluetooth. Honi nikaweka ile yenye muziki kama ya basi la mkoani. Mzee hakuniomba honi. Ilikuwa ni zawadi.

Wakuu, ilipendeza! Hata Mwalimu alipita mara ya pili akijifanya anatafuta ufagio.

Sasa ndo tukafika kwenye negative.

Kwa wasiojua: kwenye gari fundi hasumbuki kutembeza waya wa negative. Gari ni chuma. Betri unaifunga negative yake kwenye bodi, taa unaifunga kwenye bodi, honi kwenye bodi, basi, umeme unarudi wenyewe kupitia chuma. Ndo tulivyofundishwa, ndo tunavyofanyaga kila siku.

Nikatafuta chuma kwenye boti. Faiba. Nikakwangua rangi, faiba. Nikahamia upande wa pili, faiba. Nikasema hawa wazungu walijengaje kitu hakina chesisi?

Nikainama chini. Chesisi hii hapa! Chuma kinene, kina matairi mawili, kimebeba boti nzima.

Wenye akili za haraka mshaanza kucheka, vumilieni.

Mnielewe wakuu. Toka naijua ile boti iko juu ya lile trela. Kwangu mie kitu chenye matairi na fremu kwa chini ni kitu kimoja. Gari gani ushaona linashuka kwenye chesisi yake likaenda zake?

Nikaunganisha negative zote za dashibodi kwenye waya mmoja, nikaushusha chini, nikafunga bolti kwenye trela. Negative ya betri nayo nikaishusha, bolti ya pembeni yake. Nikazikaza, nikapaka grisi zisishike kutu. Kazi safi kabisa.

Tukaitumbukiza mashine kwenye pipa la maji, isichemke. Mzee akazungusha ufunguo.

Ikawaka! Geji zote zimenyanyuka, taa zinawaka, honi inaimba, kuku wametawanyika mpaka kwa jirani. Akazima, ikazima. Akawasha tena. Mzee akanikumbatia.

Mwalimu akasimama mlangoni: "Hapo ni kwenye pipa. Jumamosi ni baharini. Na nitapanda mwenyewe."

Jumamosi tukaivuta kwa pikapu hadi ufukweni Kunduchi. Mnunuzi kaja, jamaa mmoja wa miwani, anazunguka boti anagonga gonga kama anachagua tikiti. Mwalimu kavaa boya la kujiokolea juu ya gauni la kanisani, mkoba kifuani. Mie na mzee tukapanda naye.

Pikapu ikalirudisha trela majini mpaka mashine ikazama vizuri. Mzee akawasha. Ikaitika mara moja. Akaweka gia ya kurudi nyuma, boti ikaanza kuteleza taratibu kutoka kwenye trela.

Hapo nikaona waya wangu wa kwanza unanyooka.

Nikawaza, mbona unanyooka?

Ukasema paa! Dashibodi nzima ikazimika. Wa pili, ule wa dashibodi, ukavuta furushi lote la waya huko nyuma yake kabla haujakatika, likaubana mkono wa gia. Mzee anausukuma, hauendi popote. Sie tunarudi nyuma.

"Zima mzee!"

"Nimezima!" Kaushika ufunguo mkononi kabisa, ameshauchomoa. Mashine inanguruma tu.

Kumbe mashine zile, ili zizime, lazima ufunguo uziunganishe na negative. Na negative yetu ilikuwa imebaki ufukweni, ina matairi mawili.

Basi wakuu, tunaenda Zanzibar kwa kurudi nyuma. Watu wa ufukweni wanatupungia mikono, wanadhani ndo mtindo. Mawimbi yanapiga nyuma, maji yanaingia, nabonyeza swichi ya pampu ya kuyatoa, pampu kimya. Nikabonyeza honi, sijui hata kwa nini. Kimya.

Mwalimu: "Ngonyani! Tunakwenda wapi?"

Mzee: "Muulize fundi!"

Mwalimu akanigeukia. "Fundi, tunakwenda wapi?"

"Mwalimu... tunarudi."

"Tunarudi wapi?"

"Nyuma."

Mzee akapiga kelele, "Ng'oa mpira wa petroli!" Nikaurukia, nikaung'oa. Mashine haijali, inaendelea. "Imekataa mzee!" "Subiri inywe iliyobaki ndani!" Nimekaa pale nimekumbatia mpira wa petroli, maji yamefika kwenye vifundo, nasali dini zote mbili.

Ikakohoa. Ikazima.

Mzee kainamisha kichwa kwenye ile dashibodi yangu nzuri, mabega yameshuka. Nilitamani nijitose.

Vijana wa boti nyingine wakatuvuta mpaka ufukweni. Mnunuzi anatusubiri anafuta miwani kwa kucheka. "Mama, nilisema mie. Nilete pikapu yangu niiondoe?"

Mwalimu akashuka, gauni limelowa mpaka magotini. Akamwangalia mumewe. Kisha akamwangalia yule jamaa.

"Haiuzwi."

"Lakini Mama tulikubaliana, ikigoma..."

"Imegoma nini? Miaka yote shida yake ilikuwa kuwaka. Leo shida yake ni kuzima. Mwanafunzi akitoka huko akafika hapa, mimi nampandisha darasa."

Mzee alicheka mpaka akakaa mchangani.

Nilirudi Boko nikatembeza waya wa negative kutoka kila kifaa mpaka kwenye betri humo humo ndani. Sasa hivi inawaka na inazima, na kila Jumapili baada ya misa Mwalimu ndo anadai zamu ya kubonyeza honi.

Funzo, wakuu: ukipewa kazi usiyoijua, uliza, hata ukionekana mshamba. Ushamba wa nchi kavu una nafuu, unaweza kuukimbia kwa miguu. Na kabla hujafunga waya, jiulize hicho kitu kikiondoka kinaondoka na nini.

Haya, na nyie mafundi mwageni yenu hapa chini. Najua humu kuna mtu ashafunga feni ikazungusha nyumba.

Braza Side aliporudi msibani nilimweleza yote, nikasubiri matusi. Akawasha sigara, akaniambia:

"Dogo, siku ukiitwa kufunga umeme wa ndege, muulize kwanza rubani kama anarukaga na uwanja."