Wimbo wa Tuta Uliogeuka Kuwa wa Sabuni

Mjukuu wangu anayekaa Mlolongo alikuja Pasaka iliyopita na simu pana kama sahani ya ugali. Akasema, "Umau, leo nawaonyesha matangazo ya televisheni ya zamani, yale mlikuwa mnaimba." Umau ni babu kwa Kikamba, ndivyo wananiita. Tulikuwa nyumbani kwa dada yangu, upande wa Kangundo, palepale tulipozaliwa sisi wawili. Mimi nilihamia Mumbuni zamani kwa sababu ya barabara na hospitali, lakini Pasaka lazima tule kwake. Ananipita miaka minne. Miguu yake imekataa milima, mdomo haujakataa kitu.

Tukakaa barazani, simu ikaegemezwa kwa chupa ya chai. Yakaja mafuta ya kupikia, ambapo mama mmoja alikuwa anacheza na sufuria kichwani. Yakaja mawe ya tochi. Ikaja dawa ya mbu, mbu amevaa tai anaanguka chali. Sisi wazee tuliimba yote bila kukosea. Ni jambo la ajabu. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Mistari ya Biblia inanitoka kila mwaka, lakini wimbo wa mbu uko palepale, hata kile kikengele cha mwisho. Marehemu mke wangu alikuwa akisema mtoto wetu wa kwanza alijua wimbo wa mafuta kabla ya Baba Yetu. Padri alimkemea kwa hilo. Baadaye nikampita padri mwenyewe anaosha pikipiki yake, na alichokuwa anaimba hakikuwa zaburi. Lakini hayo ni mengine.

Halafu ikaja ile ya sabuni.

Nilijua kabla sauti haijaanza, kwa sababu ya picha. Mama ameinama kwenye beseni, povu limefika kiwikoni, shati jeupe linapepea nyuma yake. Picha ya nyeusi na nyeupe. Watoto wote wa barazani wakaanza kupiga makofi, na dada yangu akaimba pamoja nao, kichwa kinaenda huku na huku:

*Mama njoo uone, povu limefika kiwikoni,*
*doa lije sasa, shati lako halichafuki.*

Ilipoisha akaniinamia. Akaongea kwa sauti ya chini ili wajukuu wasisikie.

"Mwanaa mwaitu," akasema, yaani mtoto wa mama yangu, "wacha nikwambie kitu kabla sijakufa. Huu wimbo niliuiba."

"Uliuiba wapi?"

"Kwa hii sabuni. Nikamwimbia mama yetu maneno ya tuta, kumbe sauti ni ya watu wa sabuni. Sijui niliisikia wapi. Pengine kwa redio ya mtu. Nimeona haya miaka yote hii."

Mimi nilikuwa na kipande cha chapati mdomoni.

Sasa ni lazima nirudi nyuma, na naomba unifuate, kwa maana nikisimulia haraka nitajipendelea.

Mwaka mama yetu alipokufa, shamba lake lilikuwa linaisha. Kila mvua ikinyesha, udongo unashuka mlima unakwenda mtoni, mwekundu kama chai ya maziwa. Wanawake wa hapo walikuwa na mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Walikuwa wanachimba matuta ya fanya juu, ambapo unachimba mtaro na udongo wake unautupa upande wa juu. Kazi ngumu hiyo. Mama alikuwa kwenye foleni akisubiri zamu yake, na zamu ikafika akiwa ameshazikwa upande wa chini wa shamba lilelile. Wanawake hawakuruka zamu. Walikuja, wakachimba, na dada yangu akawaimbisha.

Dada yangu alikuwa ngui. Ngui ndiye anayetunga na kuongoza, wengine wanaitikia huku majembe yanaanguka pamoja. Na wimbo wa ngui ni wake. Kikundi cha kijiji kingine kikiupenda, wanatuma mtu na kibuyu cha uji, anaketi, anaomba, ndipo wanauimba. Ukiuimba bila kuomba, siku ya kazi unapimiwa kipande cha tuta unachimba peke yako, na wao wamesimama wanakuimbia. Hiyo ndiyo faini. Nimewaona watu wazima wakilia kwa kicheko cha wanawake, siyo kwa jembe.

Siku ile dada aliimba hivi, mimi naweka kwa Kiswahili:

*Mama njoo uone, tuta limefika mlangoni,*
*mvua ije sasa, udongo wako hauendi.*

Na mstari wa tatu. Nitafika kwa mstari wa tatu.

Mimi wakati huo nilikuwa Nairobi, mfagiaji na mpika chai kwa kampuni iliyokuwa inatengeneza matangazo. Nilikuwa nimepewa siku za matanga, nikawasikia pale shambani, nikarudi kazini na ule wimbo umenishika. Nikifagia naimba. Asubuhi moja bwana wa kinanda, yule aliyekuwa anatunga nyimbo za matangazo, akatoka ofisini mwake na kikombe mkononi. Wiki nzima alikuwa anagombana na sabuni. Kila alichotunga wenye sabuni wanarudisha.

"Wewe," akasema. "Hiyo nyimbo ni ya nani?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja tu. Unataja ngui, unaonyesha njia ya kwake. Sikuwa na haja ya kufikiri. Lakini nikafikiri. Nikamwona dada anafuatwa na gari la kampuni, anaketi kiti cha mbele, anaingizwa chumba cha kurekodi ambacho mimi sikuruhusiwa hata kufagia bila kuvua viatu. Nikajiona mimi namletea chai.

"Ni yangu," nikasema.

"Imba tena. Polepole."

Nikaimba mara tatu. Akauliza maana, nikamwambia. Akacheka, akasema tuta na doa ni kitu kimoja, yote ni vita na uchafu. Sikuona ubaya wowote. Mwezi ukaisha, wimbo ukawa wa sabuni. Mimi nikapewa katoni moja ya ile sabuni, nikatolewa kwa ufagio, nikakabidhiwa funguo za chumba cha kanda. Kazi hiyo niliifanya hadi nikastaafu. Nyumba yangu ya Mumbuni, karo ya watoto, hata hili koti, vyote vilipitia kwa mlango ule.

Na nilijisifu, siwezi kuficha. Nairobi, nikiwa na watu wa kazi, tangazo likipita nilikuwa nagonga meza: "Hiyo yangu hiyo!" Nikifika nyumbani nanyamaza. Safari ya kwanza nilimpelekea dada vipande viwili kutoka kwa ile katoni. Alifurahi sana. Alisema ndugu zake wengine hawamkumbuki. Kipande kimoja alifulia leso za mama kabla ya kuzigawa. Kingine akakiweka kwa kabati, cha wageni.

Televisheni ilifika sokoni kwetu miaka kadhaa baadaye, moja tu, dukani, ilikuwa inawashwa kwa betri ya gari. Watoto walitazama kupitia dirishani. Wazazi wakawa wanaletewa nyimbo nyumbani kama vile watoto wanavyoleta mafua.

Kisha ikaja siku ya kufungua bwawa dogo ambalo mwethya ulichimba. Chifu alikuwepo, walimu, hema, soda. Mimi niliketi viti vya mbele, mtu wa Nairobi. Dada akasimama na wanawake wake, akaanza: *Mama njoo uone.* Watoto wa shule wakapiga kelele ya furaha, wakamrukia na povu na kiwiko na jina la sabuni. Shule nzima. Dada akaimba kwa nguvu zaidi, wao wakazidi. Mwalimu mmoja akasema kwa sauti, "Mama huyu ameanza kufanyia sabuni biashara!" Hema lote likacheka.

Dada alinitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi kati ya watu wote. Nafikiri ni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natoka huko sabuni zinakotoka, na angetaka niseme jambo. Nilikuwa na soda mkononi. Nikacheka pia, kidogo, kama mtu anayefuata wengine.

Hakuimbisha tena. Mwethya ulipata ngui mwingine, mwenye sauti kama bati. Dada alichimba na wao kwa miaka mingi, akiitikia tu. Watu walifikiri ni uzee. Hata mimi nilijaribu kufikiri ni uzee, na alikuwa hajafika miaka arobaini.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema jioni yake, au Krismasi, au siku ya kumzika shemeji. Kila mara nilikuwa nasubiri wimbo usahaulike kwanza, ndipo niseme. Watu hawakuusahau. Ile sabuni ilitoka dukani, kampuni ikafungwa, bwana wa kinanda akazikwa, na bado mtu akifua nguo Mumbuni utamsikia.

Sasa hapo barazani dada ananiambia ameiba. Miaka yote hiyo, badala ya kuniuliza mimi, alijiuliza mwenyewe, na akajihukumu.

Nikatema chapati mkononi. Nikasema, "Haukuiba. Mimi ndiye niliiba."

Nikamwambia yote, ufagio, kikombe, "ni yangu." Wajukuu walikuwa wameshahamia kwa tangazo la unga, wanacheka. Yeye hakuninyamazisha wala hakulia. Aliangalia mikono yake. Halafu akauliza:

"Ile sabuni uliniletea. Vipande viwili."

"Ndiyo."

"Ilikuwa ya huo wimbo?"

"Ndiyo."

"Nikafulia leso za mama."

Nikaweka ile chapati kwenye kisahani.

"Na kile kingine nikawapa wageni wanawie mikono, nikiwaambia ndugu yangu wa Nairobi ananipenda." Akavuta pumzi. "Na ile siku ya bwawa. Ulikuwa na soda."

"Nilikuwa nayo."

"Ulicheka."

"Nilicheka."

Tangazo la unga likaisha, lingine likaanza. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tangu nikiwa kijana, na sasa hayakuja.

"Uuimbe basi," akasema mwishowe. "Ule wangu. Mimi nimebaki na mistari miwili tu. Wa tatu ulinitoka siku ile ya bwawa, nikafikiri ni kwa sababu haukuwa wangu. Wa tatu ndio ulikuwa na mama ndani. Nipe."

Nikaanza. Wa kwanza ukaja, wa pili ukaja. Nilipofungua mdomo kwa wa tatu, ikatoka *nyeupe na yanukia, familia yafurahia*, na jina la sabuni. Nikarudi mwanzo. Ikatoka tena. Nikajaribu kwa Kikamba, Kikamba kikakataa kuja. Mimi ndiye niliimba ule wimbo mara tatu kwa bwana wa kinanda, mstari wa tatu ukiwamo, na sasa nilikuwa nao kama mtu aliye na ganda la ndizi.

Dada akasema, "Kwa hivyo haupo." Kisha, bila kupandisha sauti: "Kikundi kinachimba Alhamisi, shamba la mama, tuta la juu limebomoka. Utakuja. Utapimiwa."

"Mimi niko na goti bovu."

"Goti silo lililoimba."

Nilikwenda. Wanawake wengi wa mwethya siku hizi ni wadogo, wamevaa kofia za jua na simu zinalia mifukoni. Dada aliletwa kwa kiti cha plastiki. Nilisimama mbele yao nikasema makosa yangu kama mtu anayeungama, ila kwa padri kuna kitambaa katikati. Niliogopa watanizomea. Haikuwa hivyo, na ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja akauliza, "Umau, sabuni gani hiyo?" Mwingine akasema mama yake alikuwa anauimba ule wimbo. Hakuna aliyejua dada aliwahi kuwa ngui. Hilo ndilo lililoniuma kuliko goti.

Wakanipimia hatua nne za tuta. Nilipoinua jembe mmoja mwenye kofia nyekundu akasema, "Umau, hilo ni jembe au kijiko cha chai?" Wakacheka, na nikashukuru kwa kicheko hicho.

Kisha dada akaimba kutoka kwa kiti. Sauti imekauka, lakini walimfuata. Mama njoo uone, tuta limefika mlangoni. Mvua ije sasa, udongo wako hauendi. Mstari wa tatu ukifika, dada alikuwa ameshawaonya, wote wafunge mdomo hadi uishe, ndipo waanze upya. Mara ya kwanza mmoja alijisahau akaanza *nyeupe na*, dada akamwinulia kidole.

Hatua nne zilinichukua asubuhi nzima. Naenda kila Alhamisi tangu hapo, hata bila kupimiwa, na ninapochimba natafuta ule mstari. Nilidhani udongo wa shamba lile ungenikumbusha. Wanawake wanaimba miwili, wananyamaza, linasikika jembe langu peke yake. Na mimi, huko kichwani, naendelea na sabuni.